Harusi Ndani ya Kadi ya Kamera

Sina tabia ya kutukana watu, lakini kompyuta yangu nimewahi kuitukana matusi ambayo marehemu mama angeyasikia angenipaka pilipili mdomoni. Ni ya mezani, nzito, ipo ghorofani katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, chumba hicho hicho ninacholala na kupigia pasi. Ndani yake mna programu ya kutengenezea picha, ile ile niliyojifunzia kazi. Wenzangu wote walikwishahamia kwenye matoleo mapya, na wakinicheka nawaambia kipya kinyemi ingawa kidonda. Vidole vyangu vimeizoea, na mimi si mtu wa kuhamahama.

Kuna wiki moja nilitamani kuitupa dirishani. Kilichonizuia ni kwamba uchochoro wa chini yetu ni mwembamba na watu hupita.

Kazi yangu ni kupiga picha sherehe za harusi za wanawake. Kwetu sherehe hizo haingii mwanamume. Wanawake huvua mabuibui yao mlangoni, wakakaa na nywele zao, hina zao na dhahabu zao, wakacheza watakavyo. Siku hizi huwekwa mtu pale mlangoni wa kukusanya simu, asije mmoja akamrusha mwenzake mtandaoni. Kamera inayobaki ndani ni yangu peke yangu, na ninachokipiga mle ni amana. Nakitengeneza mwenyewe, nakichapa mwenyewe kwa mashine yangu ndogo, namkabidhi bi harusi mkono kwa mkono. Wapo wanaopiga vizuri kunishinda mimi. Mimi huitwa kwa sababu watu wanajua picha zao hazitaonwa na jicho lisilostahiki.

Basi wiki chache kabla ya harusi moja ya Mbweni, baba wa bi harusi alifariki, na mama akaingia eda. Mjane aliye edani hatoki nyumbani bila ya dharura, hajipambi, wala hakai kwenye sherehe. Wazee walishauriana kama harusi isogezwe mbele, lakini bwana harusi anafanya kazi Maskati na ruhusa yake ilikuwa na mwisho, tena marehemu mwenyewe ndiye aliyeipanga siku ile. Ikaamuliwa harusi iendelee, ila mbali na nyumba ya msiba. Bi harusi angepambwa kwa shangazi yake mjini, apelekwe ukumbini, na kutoka ukumbini aende kwa mumewe.

Mama yake alinipigia simu siku ya kuamkia harusi. Nilimwamkia, akaitika marahaba.

"Mwanangu, mie sitomuona alivyopambwa," akasema. "Mpige hata akinywa maji. Fungate ikimaliza atakuja kuniaga, ndo wanakwenda Maskati. Nnataka akija, niwe nshamuona."

Nilimuahidi. Niliahidi kwa wepesi kabisa, kama mtu aliyeagizwa mkate.

Kamera yangu wakati ule ilikuwa haifai. Lenzi ilikuwa imeingia ukungu, na huo ndio ugonjwa wa vyombo vyetu hapa kisiwani kwa unyevu tulio nao. Nikaazima ya rafiki yangu, mwanamke mwenzangu wa kazi hii hii, ambaye alikuwa amenunua mpya. Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Methali hiyo naijua tangu nikiwa mtoto wa chuoni, na bado nilikwenda kuazima. Asubuhi baada ya harusi rafiki yangu aliichukua kamera yake akapanda nayo boti kwenda Pemba, alikuwa na harusi yake huko. Mimi nikabaki na kadi.

Kamera ile niliikuta imepangwa kuhifadhi picha mbichi tu. Picha mbichi ni ile ambayo kamera haijaipika: inahifadhi kila ilichokiona, na wewe ndiye unayekuja kuamua rangi na mwanga baadaye. Ni faili kubwa, lakini linasamehe. Taa za ukumbi ule zilikuwa za kijani na za zambarau, za kumfanya kila mtu aonekane mgonjwa, nikajiambia picha mbichi zitaniokoa. Nikajiona mjanja. Nilipiga tangu bi harusi anafungwa ushungi wake mpaka anatolewa mlangoni, na nilimpiga akinywa maji.

Kesho yake nikatia kadi kwenye kompyuta, nikanyanyua kikombe cha chai, nikabonyeza picha ya kwanza. Programu ikanijibu, kwa Kiingereza chake cha adabu, kwamba huo si waraka wa aina inayoijua. Nikabonyeza ya pili. Ikarudia maneno yale yale. Nikazichagua zote kwa pamoja, na ikanijibu hivyo hivyo kwa moja moja, kijisanduku juu ya kijisanduku, na kila kimoja kikingojea nikubali. Mpaka nilipomaliza kukubali, chai ilikuwa imepoa.

Nilijaribu ya wajinga kwanza. Nikalibadilisha faili mkia wa jina lake, nikautia ule unaojulikana na programu, nikidhani nitaidanganya. Haikudanganyika. Nikaizima kompyuta na kuiwasha. Nikaitoa kadi nikaipuliza, kwa nini sijui, maana kadi yenyewe ilikuwa safi.

Nikateremka Darajani kwa mwenzangu mmoja, mpiga picha wa upande wa wanaume. Yeye ndiye aliyepiga nikaha ya harusi hiyo hiyo msikitini, na zake alikwishazikabidhi. Nilimueleza, akacheka kabla sijamaliza.

"Kamera kijana, programu kizee," akasema. "Hiyo programu yako yataka kiungo kipya cha kuisomea kamera hiyo. Na kiungo kipya hakiingii kwenye programu kongwe. Tia mpya."

"Mpya kompyuta yangu haiichukui."

"Basi badilisha kompyuta."

"Na nyumba je, nibadilishe?"

Akaona nimekasirika, akalainika. "Haya, niletee hiyo kadi. Sasa hivi tu nshakufungulia."

"Za wanawake hizo, kaka."

"Ntafumba macho."

"Utazifungua vipi na umefumba macho?"

Alicheka tena. Mimi sikucheka. Akaniambia, kwa wema kabisa, kwamba mficha uchi hazai. Nikamwambia uchi wenyewe si wangu, nikaaga.

Jioni yake mama wa bi harusi alipiga simu. Huyu mama alikuwa na namna yake ya kuuliza bila ya kuuliza. Hujambo mwanangu? Sijambo. Watu wa nyumbani hawajambo? Hawajambo. Kazi zinakwendaje? Halafu ananyamaza. Angenigombeza ningepumua, maana mimi mtu akinigombeza najua pa kushika. Nilimwambia bado natengeneza. Akasema alhamdulillahi, akaniombea dua, na nilipokata simu nilikuwa nimeikasirikia dunia nzima isipokuwa yeye.

Siku iliyofuata nilizunguka mtandaoni. Mtandaoni kila mtu ana jawabu na hakuna hata mmoja mwenye kompyuta kama yako. Wako waliosema shusha kiungo hiki. Nikakishusha, bando likaisha katikati, nikaongeza bando, nikakishusha tena, na kilipokamilika kikaniambia programu yangu ni ya zamani mno. Wako waliosema tumia programu ya watengenezaji wa kamera yenyewe. Nayo ikaniambia kompyuta yangu ni ya zamani mno. Nilianza kuhisi wananisema mimi.

Halafu kukawa na jawabu jepesi kuliko yote, na hilo ndilo lililonitia mtihani. Ipo mitandao ambayo unapandisha picha zako mbichi, wao wanazigeuza, unazichukua zikiwa tayari. Hulipi, huweki programu yoyote kwenye kompyuta yako. Nilifika mpaka mahali pa kubonyeza. Nilikuwa nimeichagua picha moja, sijui hata ni ipi, maana kwangu zote zilikuwa vijikaratasi vyeupe visivyo na sura. Nikawaza, kama ni ile ya bi harusi anavyosukwa? Kama ni ya shangazi yake akicheza? Watu wa huko zinakokwenda siwajui, sijui ni wanaume au wanawake, sijui wanazifuta au wanaziweka. Nikafunga ukurasa. Nilifunga kwa hasira, si kwa uchamungu, nisijisifu.

Nikampigia rafiki yangu Pemba. Yeye kwake zingefunguka bila ya taabu, na alikuwa tayari kunisaidia. Lakini kadi ingevuka bahari mfukoni mwa nani? Kutuma kwa mtandao kulikataa. Picha moja tu ilishinda inajikokota, ikafika nusu, ikafa.

"Basi zigeuze mwenyewe," akanambia. "Ipo programu ya bure ya kugeuzia. Inazichukua mbichi za kamera yoyote ile na kuzifanya aina moja ambayo hata vizee kama chako vinaisoma. Lakini yataka kompyuta mpya mpya kidogo."

Sasa nikawa natafuta kompyuta mpya mpya kidogo ambayo mwenyewe ni mwanamke. Tafuta hiyo uone. Kila niliyemwendea, kompyuta ni ya mume, au ya mtoto wa kiume, au ya ofisini ambako kuna mabwana watatu mgongoni. Mwisho nikamkumbuka wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwalimu, anakaa Mtoni. Ana laptopu ya kazi zake za skuli.

Nilikwenda na kadi nimeifunga kwenye pindo la leso kama bibi vizee wanavyofunga ugoro. Wifi alimtoa kaka yangu sebuleni. Kaka akataka kujua kwa nini.

"Zimo nywele za watu mle," wifi akamwambia. "Kaa barazani."

Alikaa barazani mchana kutwa amenuna, akiitisha maji kwa kupiga ukuta. Sisi ndani tulishusha programu ya kugeuzia, tukaitia, ikakubali. Nilishangaa ilivyokubali. Ilianza kuzigeuza moja moja, na mimi nikaanza kupumua, na hapo umeme ukakatika. Betri ya laptopu ile ni ya kusukuma siku. Ilizimika papo hapo. Tukakaa na wifi kwenye joto tukipepeana kwa daftari za wanafunzi mpaka umeme uliporudi, tukaanza upya. Nikatoka Mtoni jioni na faili zangu kwenye fleshi, nimekonda.

Nikapanda ngazi zangu, nikachomeka fleshi, nikabonyeza.

Si waraka wa aina inayoijua.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti, nikamsikia jirani wa ukuta wa pili anauliza kuna nini, nikajibu hakuna kitu. Fungate ilikuwa inakaribia kwisha. Simu ya Mbweni ilikuja saa zake zile zile, na safari hii sikuipokea. Niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, nikajichukia.

Kosa, nilikuja kulijua nilipotulia na kusoma maelezo ya ile programu ya kugeuzia, mstari kwa mstari, na Kiingereza changu hiki. Ndani yake kuna mahali padogo, pamejificha kwenye mipangilio, panapouliza unataka kumgeuzia nani: mwenye programu mpya au ya zamani, na ya zamani ya kiasi gani. Usipojibu, yenyewe inachukulia kwamba wewe ni mtu wa kisasa. Kitu kidogo namna ile. Wangekiweka mbele mtu akione wangepungukiwa nini? Hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Nikarudi Mtoni. Kaka aliponiona tu akachukua kigoda chake akatoka nje mwenyewe. Tukageuza tena, kwa ajili ya kizee changu, na safari hii niliporudi nyumbani na kubonyeza, programu ilinyamaza, ikafikiri, na bi harusi akatokea.

Alikuwa wa kijani. Uso wa kijani, ushungi wa kijani, dhahabu ya rangi ya majani ya mgomba. Lakini alikuwa yupo. Nikaanza kumtengeneza, nikiitoa ile rangi kidogo kidogo, mpaka hina ikarudi kuwa hina na shavu likarudi kuwa shavu. Nilizitengeneza zote siku ile, bila ya kuchagua, hata zile ambazo siku nyengine ningezitupa. Sikuwa na moyo wa kutupa picha niliyoitolea machozi.

Asubuhi ya siku ambayo bi harusi alikuwa aende kuaga, nilikuwa Mbweni na laptopu ya wifi, niliyoiazima kwa siku moja, kwapani. Mama alikuwa amekaa chumbani kwake juu ya mkeka, na nguo zake za eda, hana wanja, hana hata pete. Niliomba radhi kwa kutopokea simu. Akasema, "Nnajua ulikuwa nayo kazi," na yakaisha hapo.

Hakuzitazama kwa haraka. Kila picha aliuliza huyu nani, huyu nani, kama kwamba hawajui, na ni ndugu zake mwenyewe. Alicheka alipomuona shangazi mtu anavyocheza. Alipofika kwenye ile ya kunywa maji aliitazama sana, akasema, "Kaishika gilasi kwa mikono miwili. Tangu mdogo ndivyo anavyoshika." Nilikuwa karibu nisamehe kompyuta zote duniani.

Halafu ikaja moja ambayo mimi sikuwa nimeijali. Ni mwisho wa sherehe, bi harusi anatolewa. Shangazi ameshamshika mkono na mlango uko wazi, na yeye amegeuka nyuma, anatazama ukumbini. Mdomo umefunguka kidogo. Macho yanapita juu ya vichwa vya watu wote, hayamwangalii yeyote. Niliipiga kwa sababu kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Hapa ananitafuta," mama akasema.

Nilitaka kumwambia huenda anatafuta mkoba wake, au kiatu. Lakini ukiitazama mara ya pili huoni kitu chengine. Kati ya zote nilizopiga ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na mimi mwenyewe niliitengeneza kwa mkono wangu nisiione.

Aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye ushungi wa mwanawe pale kwenye kioo, akaacha alama ya jasho.

"Unaweza kuifuta?" akauliza.

Nikadhani anasema alama. Nikavuta ncha ya leso.

"Picha, mwanangu. Uifute isiwepo."

Sikuamini. Nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba picha hiyo nimehangaika nayo, sikulala kwa ajili yake, na kwamba siku moja ataitaka.

"Akija jioni ataniambia harusi ilikuwa furaha tupu," akasema. "Na mie nataka nimwambie, ndivyo nilivyoona. Akijua nimeiona hii, kilio changu ataondoka nacho. Maskati mbali. Mwache aende mwepesi."

Nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani. Wiki nzima nilikuwa nagombana na kitu kisicho na roho, najua adui yangu yuko wapi, na sasa nilikuwa mbele ya mjane juu ya mkeka ambaye kila alilosema lilikuwa kweli. Nikaifuta kwenye laptopu. Nikaifuta kwenye fleshi. Akaniuliza na nyumbani je, nikamwambia nyumbani pia, na ile mbichi iliyomo kwenye kadi. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Sasa nirudishie zile anazocheka."

Nilirudi mjini mchana, nikapanda ngazi, nikafanya nilivyoahidi. Kompyuta iliniuliza swali moja tu kama nina hakika. Kwa kufuta haikuwa na ubishi wowote.

Baada ya isha simu iliita, na alikuwa bi harusi. Alikuwa ametoka Mbweni kuaga, sauti imekauka kidogo. Alinishukuru. Akaniambia mama yake amefurahi, amezisifu picha moja moja.

"Kanambia kaziona zote," akasema. "Kanambia kila pahala nnacheka."

"Naam," nikamwambia. "Kila pahala."

Nikasikia watu wanazungumza nyuma yake, na mtu anavuta sanduku sakafuni. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Na ile ya mlangoni je? Mie nilikuona umenielekezea kamera. Nimeshinda nayo roho juu wiki nzima, naomba Mungu mama asiione."

"Ile," nikamwambia, "ilikataa kufunguka."

"Bora," akasema.